Malalamiko Dhidi ya Mwanafunzi Anayeeleweka

Ofisi ya Afisa Kilimo,
Kata ya Isuwe,
Kondoa.
9 Oktoba 2023

Mratibu,
Shahada ya Uzamili ya Mawasiliano ya Sayansi kwa Umma,
Dodoma.

Ndugu Mratibu,

YAH: MWANAFUNZI WENU VIOLETH AMBOKILE ALIYEKUWA MAFUNZONI OFISINI KWANGU

Kichwa cha habari hapo juu kinahusika, tena kinahusika kwa uchungu.

Mimi ni Afisa Kilimo wa kata hii kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa. Wananchi huniita Bwana Shamba na hunipisha njiani. Mwezi Julai mlinitumia, kwa barua yenye mhuri, binti mmoja wa shahada ya pili, mkaniomba nimsimamie kwa miezi mitatu ya mafunzo kwa vitendo. Pamoja naye mlituma fomu ya tathmini yenye kurasa nne, ambayo bila sahihi yangu binti hawezi kuhitimu. Fomu hiyo ninayo hapa mezani. Mmeniandikia mara mbili kunikumbusha, na binti mwenyewe amepiga simu mara tatu, kwa adabu. Sijaisaini. Barua hii inaeleza sababu, na ninaomba isomwe mbele ya kikao kizima cha idara, ikiwezekana kwa sauti.

Kwa faida ya wajumbe wasiofahamu, mada aliyokuja nayo ni sumukuvu. Hiyo ni sumu inayoletwa na ukungu kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Kazi yake ni kuharibu ini. Mtaona nimeieleza kwa sentensi mbili. Naomba radhi, hayo ni madhara ya kukaa na mwanafunzi wenu. Kabla ya Julai ningehitaji kurasa sita na kiambatisho.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Aliwauliza wananchi walichoelewa.

Wiki yake ya kwanza nilimwalika kwenye mkutano wangu wa hadhara ili ajifunze kwa mtu mwenye uzoefu. Nilisoma mwongozo wote, kuanzia dibaji. Nilimtaja kuvu kwa jina lake la Kilatini. Nilitaja unyevu usiozidi asilimia kumi na tatu nukta tano, nikataja mnyororo wa thamani, wadau, na usimamizi jumuishi. Wananchi mia mbili na kumi na wanne waliketi kwa utulivu na kupiga makofi mahali panapostahili, yaani niliponyamaza. Siku hiyohiyo nikaandika taarifa kwamba elimu imetolewa. Hivyo ndivyo ambavyo tumefanya miaka yote, Ndugu Mratibu. Elimu hutolewa. Sijawahi kuona mahali palipoandikwa kwamba lazima ipokelewe.

Kesho yake binti akapita nyumba kwa nyumba na kidaftari, akiuliza watu thelathini na mmoja kwamba jana Bwana Shamba alisema nini. Kumi na wawili walisema Bwana Shamba alizungumza vizuri sana. Tisa walisema serikali imepiga marufuku karanga. Watano walisema kuna mradi unakuja, wakataka kujua majina yanaandikishwa wapi. Mzee Adamu, ambaye ni balozi wetu wa nyumba kumi na alikaa meza kuu ubavuni mwangu, alisema nilikuwa nawaaga kwa sababu nimehamishwa, na kwamba wananchi wamelipokea hilo kwa moyo mkunjufu. Waliobaki walisema hawakusikiliza, walikuja ili waonekane.

Majibu hayo aliniletea ofisini asubuhi, akaniamkia, akasema, "Mzee, naomba tuyaangalie haya pamoja, kama una nafasi." Nilikuwa nakunywa chai. Sikuimaliza.

2. Alikaa chini.

Hili ndilo lililoniumiza kuliko yote, kwa hiyo mniwie radhi nikilivuta.

Msomi wa shahada ya pili, mwenye kompyuta, alikwenda uani kwa Bibi Sikudhani, mwanamke wa miaka sabini na ushee, akavua viatu, akaketi mkekani na kubangua karanga pamoja na wanawake kwa siku nne bila kutoa elimu yoyote. Nilipita pale siku ya kwanza nikamwona, nikajifanya simjui.

Siku ya pili vidole vilimtoka malengelenge. Wanawake wakamwonea huruma. Bibi Sikudhani akamwambia, "We mwanangu utaumia bure. Nyunyiza maji kwanza, maganda yalainike." Akaletewa bakuli la maji. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba katika kata yangu, nyumba kwa nyumba, karanga zilizoanikwa juani wiki mbili zikakauka vizuri hunyunyiziwa maji ili zibanguke upesi, kisha hutiwa kwenye mfuko zikiwa na majimaji yake na mdomo wa mfuko ukafungwa kwa kamba. Huyo kuvu angejengewa nyumba na kukabidhiwa funguo asingepata raha zaidi ya hiyo.

Sasa mimi nimehubiri habari za unyevu tangu mwaka nilioripoti. Hakuna mwananchi hata mmoja aliyewahi kunitajia bakuli la maji. Na kwa nini wanitajie? Mimi nilikuwa nazungumzia unyevu, wao walikuwa wananyunyiza maji. Walijua wazi kwamba mambo ya Bwana Shamba ni ya mkutanoni na mambo ya karanga ni ya uani, na miaka yote tuliheshimiana hivyo.

Siku ya nne akauliza zile zilizosinyaa na kuvunjika zinakwenda wapi. Kwa kuwa walikwishamzoea, walimwambia bila kuficha. Zilizo nzuri zinakwenda kuuzwa soko la Majengo, mjini Dodoma. Mbovu zinakaangwa kwanza ili uchungu utoke, halafu zinasagwa kwa ajili ya uji wa watoto. Nimeambiwa binti hakugomba. Aliiweka chini karanga aliyokuwa ameishika, kisha akasema, "Mama zangu, moto unaondoa uchungu tu. Sumu inabaki." Ni maneno hayo tu. Hakutaja mdau hata mmoja. Jioni ile wanawake kumi na mmoja walichimba shimo wakazifukia karanga mbovu zote, na bakuli la maji likarudi jikoni.

Ninauliza, huo ni utaratibu? Hakukuwa na mgeni rasmi. Hakukuwa na bango. Jedwali langu la taarifa ya robo mwaka lina safu ya waliofundishwa, halina safu ya walioacha. Wale wanawake kumi na mmoja nitawaweka wapi?

3. Aliidhalilisha sayansi kwa chupa ya soda.

Ofisi yangu ina kipima unyevu cha kisasa. Kimo ndani ya boksi lake, ndani ya nailoni yake, ndani ya kabati, na katika maisha yake yote hakijawahi kuharibika, kwa sababu ufunguo wa kabati ulihama na afisa aliyenitangulia. Hicho ndicho chombo cha kitaalamu.

Binti akachukua chupa kavu ya soda, chumvi kavu ya dukani, na mahindi. Akavitia pamoja, akatikisa, akasubiri. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, mahindi bado hayajakauka. Ikianguka chini yenyewe, yamekauka, weka ghalani. Basi, kazi imekwisha. Leo hii kila nyumba ina chupa. Wazee wanatikisa, watoto wanatikisa, na juzi nimemwona dalali wa mahindi akitikisiwa chupa mbele ya uso wake na mama aliyekuwa anamuuzia, mpaka dalali akavua kofia kuangalia vizuri. Sisi tulisomeshwa kwamba kipimo ni lazima kiwe na betri. Kama kila mtu anaweza kupima mahindi yake, mimi nabaki nafanya nini hapa?

4. Alipita msikitini.

Binti ni Mkristo wa Mbeya. Ijumaa moja alijitanda mtandio, akasubiri nje mpaka watu walipotoka kuswali, akamwomba Imamu wetu dakika chache. Akamweleza habari ya kuanika juu ya turubai badala ya chini kwenye udongo. Ijumaa iliyofuata Imamu aliisema baada ya swala, kwa dakika mbili, nusu kwa Kirangi na nusu kwa Kiswahili. Jumamosi maturubai yaliisha dukani. Mimi nina mwongozo wa kurasa themanini juu ya jambo hilohilo, na nakala bado ninazo nyingi.

5. Hapa palikuwa na lalamiko jingine, lakini katika kuliandika nimeona linanihusu mimi kuliko yeye. Namba ibaki ili kumbukumbu zisivurugike.

6. Ameniachia maswali.

Alipoondoka mwishoni mwa Septemba nilidhani hali itatulia. Wiki iliyopita nikaitisha mkutano kuhusu mbegu mpya ya mtama. Sijafika hata aya ya pili, Bibi Sikudhani, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akija kusinzia kwa heshima zote, akanyoosha mkono. Akasema, "Samahani Bwana Shamba, mwanangu. Hilo umelijuaje?"

Nikamjibu kwamba limeandikwa. Akauliza huyo aliyeandika alipanda wapi, maana udongo wa mlimani kwetu si udongo wa bondeni. Watu wote wakanigeukia. Katika utumishi wangu wote nilikuwa sijawahi kutazamwa na umati unaosubiri jibu. Nikasema sijui. Nikasema nitauliza kisha nitawaletea jibu.

Laiti wangecheka! Kicheko ningekivumilia. Badala yake waliitikia kwa vichwa, na Bibi akasema, "Haya baba, tutakusubiri," na sasa inanipasa nikalitafute jibu hilo kwelikweli. Nimempigia simu mtafiti wa mtama. Nimeanza kusoma. Nimetoka kwenda kwenye mashamba ya mlimani kuutazama udongo, kwa miguu, nikiwa na umri wa miaka hamsini na minane na nimebakiza miwili tu nistaafu kwa amani. Na ninapopita njiani watu hawanipishi tena. Wananisimamisha.

Mwenzangu Yoramu, afisa kilimo wa kule Kibakwe, Mpwapwa, amesikia yaliyonipata. Amenipigia kuuliza kama mwanafunzi huyo anaambukiza, na kama Mpwapwa nao wajiandae.

7. Hatari kwa taifa.

Sasa tutazame mbele kama watu wazima. Leo anaeleweka afisa kilimo. Kesho mgonjwa atamwelewa daktari, na akishamwelewa atauliza kidonge cha tatu ni cha nini. Keshokutwa ataeleweka mhandisi, na mpita njia atasimama chini ya daraja akiuliza nguzo ya nne iko wapi. Mtondo ataeleweka mchumi, jambo ambalo wachumi wenyewe hawajajiandaa nalo. Na mtondogoo mama muuza mtama pale Majengo ataichukua ripoti ya kitaalamu, aisome akiwa anasubiri mteja, na mteja atamkuta ameimaliza.

Ikifika hapo, jiji letu la Dodoma litaishije? Wajumbe wanajua vizuri kama mimi kwamba jambo huandikwa ili lisieleweke, lisipoeleweka huitishwa semina ya kulifafanua, na semina isipoeleweka huitishwa kikao kazi cha kutathmini semina. Hoteli zimejengwa kwa imani hiyo. Kuna akina mama wanaokaanga sambusa tangu alfajiri kwa imani hiyo. Kuna vijana wa projekta. Kuna mtu ambaye kazi yake ni kufungua kikao, mwingine wa kukifunga, na wa tatu wa kumshukuru aliyekifunga. Hawa wote wana familia. Ninyi mko tayari kuwaambia kwamba jambo lilieleweka tangu asubuhi, kwa sentensi mbili, mkekani?

Kwa sababu hizo ninaomba, kwa unyenyekevu, shahada hii ifutwe. Ikishindikana, mtaala ubadilishwe. Muhula wa kwanza mwanafunzi afundishwe kutumia vifupisho bila kuvifafanua. Muhula wa pili afundishwe kuandika sentensi ambayo msomaji akifika mwisho wake amesahau mwanzo. Mafunzo kwa vitendo yafanyike ndani ya kiyoyozi, mbali na wakulima, na tasnifu isiwe na mtu ndani yake. Niko tayari kuja kufundisha somo lolote kati ya hayo, ninayo mifano ya kutosha ofisini na kichwani.

Na kuhusu Violeth mwenyewe, naomba asihitimu mpaka asimame mbele ya jopo na kuthibitisha kwamba anaweza kuzungumza saa nzima bila mtu yeyote kwenda nyumbani kubadilisha chochote.

Sina chuki na binti. Alikuwa anawahi kazini, aliniamkia kila siku, na mke wangu Rukia mpaka leo anauliza mtoto wetu wa Mbeya atarudi lini. Nazungumzia kanuni.

Nikiwa na matumaini kwamba mtachukua hatua kali na kunijulisha kwa lugha ya kitaalamu, naomba mnifikishie salamu kwa wakuu wa idara zote, kwa wahadhiri, kwa dada wa masjala aliyeniandikia zile barua mbili za kunikumbusha bila kuchoka, kwa walinzi wa getini, kwa wapishi wa kantini, na kwa wanafunzi wengine wa kozi hiyo popote walipo. Wabaki hukohuko.

Ni mimi mtumishi wa umma, ambaye zamani sikueleweka na nilikuwa na raha zangu,

Abdulwahab Zaidi
Afisa Kilimo, Kata ya Isuwe

Nyongeza, baada ya sahihi:

Hayo ya juu niliyaandika jana. Leo nimeyasoma tena kabla ya kufunga bahasha, na kuna jambo moja sikuliandika.

Nina mdogo wangu wa tumbo moja, anaitwa Asma. Miaka minne iliyopita alizika watoto wake wawili ndani ya wiki moja. Macho yao yalikuwa yamegeuka ya njano na matumbo yamejaa. Hospitalini walituambia ni ini, wakauliza nyumbani watoto wanakula nini. Nilikwenda mwenyewe ghalani kwake, nikafungua mfuko wa karanga, nikaona ukungu, nikajua. Nilichokiona nilisomeshwa chuoni na niliufaulu mtihani wake. Asma hakuwa anakosa mkutano wangu hata mmoja. Alikuwa anakaa mbele kabisa na kupiga makofi kuliko wote, kwa kuwa anayesema ni kaka yake. Katika taarifa zangu yeye ni mmoja wa wananchi waliopata elimu.

Sikumwambia nilichokiona kwenye mfuko ule. Nilimwambia ni kudra ya Mungu, naye akapokea. Nimeishi na jambo hilo miaka minne, na kila mwezi nimesimama mbele yake nikasoma mwongozo.

Mwezi Agosti Violeth alikwenda akakaa uani kwa Asma. Nilisimama mlangoni kwa sababu nilishindwa kuingia na nilishindwa kuondoka. Alipomaliza kueleza, Asma hakulia. Alinigeukia akaniuliza, "Kaka, hili ndilo ulilokuwa unatuambia miaka yote ile?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kumbe ni maneno machache hivi." Mimi ndiye niliyelia, lakini nilitoka nje kwanza.

Fomu ya Violeth imo ndani ya bahasha hii. Nimeisaini kurasa zote nne na nimempa alama zote mlizoruhusu. Pale mlipouliza mwanafunzi ameisaidiaje jamii mmeacha mstari mmoja tu. Nimeandika kwamba Asma ana mtoto mwingine, wa miaka miwili, na asubuhi ya leo amekunywa uji wake akaumaliza.